Kipande cha Reli Chini ya Mkorosho

Mashine ya kuchimba kisima ilikuwa njiani kutoka Lindi mjini, na mimi sikuwa na pa kuielekeza. Wanakijiji wa Nyangamara walikuwa wamepewa shimo moja tu. Nikikosea, wangeendelea kuchota maji ya tope kule bondeni, tena kwa mwendo.

Kazi yangu ni kuipima ardhi bila kuichimba. Mimi nabeba koili moja, pete kubwa ya nyaya, mwenzangu nyingine, waya ukipita kati yetu. Yangu inatuma mawimbi chini, yake inapokea yanayorudi. Ardhi yenye maji hupitisha umeme kirahisi, ukinzani hushuka, nami nafurahi. Tabu ni kwamba chuma nacho hufanya vivyo hivyo.

Asubuhi yote ukinzani ulikuwa juu, mchanga mkavu mtupu. Tulipoingia kwenye mikorosho ya mama mmoja mjane ukaporomoka ghafla. Sikuupenda. Maji hayaanzi kwa kushtukiza namna ile.

"Shikamoo mama. Hapa chini kuna chuma?"

"Marahaba. Hakuna kitu, baba."

Alijibu akitazama pembeni. Barazani, binti yake mwenye mimba kubwa aliacha kupeta mchele. Mimi hasira zangu ziko karibu, na jua lilishanichosha. Nikamwambia akinificha, kijiji kizima kitachimbiwa shimo kavu kwa ajili yake. Watu waliotuzunguka wakainamisha vichwa. Kumbe wote walijua: chuma kile kilikuwa zindiko, kinga ya familia, na zindiko halitajwi wala halionyeshwi. Likionekana, limekufa.

Tukasikia lori la mashine likinguruma kwenye kilima. Mama akaingia ndani, akatoka na jembe. Alichimba mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Kilichotoka ni kipande kirefu cha reli, ya zile zilizobaki kwenye mashamba ya mkonge.

"Marehemu alikifukia tulipokuwa tunazika watoto kila mara," akasema kwa sauti ndogo. "Huyu ndiye aliyebaki. Haya, pima tena."

Nikapima. Ukinzani ukapanda, sawa na kwingine. Pale palikuwa pakavu. Binti akashika tumbo lake, akaingia ndani.

Hatua chache mbele, kwenye mteremko ambako mwanzoni ile reli ilituvurugia vipimo, ukinzani ulianza kushuka taratibu, kama inavyotakiwa. Lori likasimama hapo. Maji yakatoka kabla ya magharibi, wanawake wakapiga vigelegele. Mama hakuwamo. Alikuwa amekaa mlangoni kwake, reli miguuni, akisikiliza ndani.

Baada ya wiki kadhaa nilimpigia simu. Nilianza na maji, kwa kuwa lile jingine niliogopa kuliuliza.

"Maji yapo, matamu."

"Na binti, mama?"

"Kajifungua. Wa kiume."

"Mtoto mzima?"



"Mpaka asubuhi hii, alhamdulillah."