Meza ya Akina Tibodo

Usiku ule nililala mapema kwa uchovu, na sikuwa nimemwaza mtu yeyote aliyekufa. Nalisema hili kwanza kwa sababu kwetu ukisema umeota marehemu, watu wanakuuliza ulikuwa unawaza nini kabla hujalala. Sikuwa nawaza kitu. Nilikuwa nimeshinda kwenye cherehani nikishona sare za shule, mgongo unaniuma, na mama alikuwa anakohoa chumba cha pili kama anavyokohoa kila msimu wa baridi. Nikajifunika blanketi mpaka kichwani, nikausikiliza upepo wa Ufipa ukipita juu ya mabati, kisha sikuusikia tena.

Nikawa niko mbele ya nyumba ya mapadri.

Ni nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, iko nyuma ya kanisa letu, na siku hizi haina mtu. Lakini katika ndoto dohani inatoa moshi na mlango uko wazi. Nikaingia bila kupiga hodi, jambo ambalo nikiwa macho nisingelifanya. Ndani, mbele ya jiko la kuni, amesimama Padri Tibodo, amekunja mikono ya kanzu yake, anasonga ugali wa ulezi.

Padri Tibodo alikuja kwetu akiwa kijana kutoka Kanada, ile sehemu wanakozungumza Kifaransa. Alikaa mpaka akazeeka, akafa, na tukamzika pale pale parokiani. Tibodo lilikuwa jina la ukoo wake. Jina lake la ubatizo halikutumiwa na mtu. Alikuwa mrefu, masikio yake yakiwa mekundu wakati wa baridi, na herufi "r" ilikuwa inamkwama kooni, hivyo "habari" yake ilitoka kama mtu anayesukutua maji. Alikuwa na landrova, na barabara ilipokuwa mbovu ni yeye aliyewapeleka hospitali kina mama walioshikwa na uchungu. Waliojifungua salama waliwaita watoto wao Tibodo. Wa kiume Tibodo, wa kike Tibodo. Mapadri wengine walilalamika kwamba hilo si jina la mtakatifu. Yeye alicheka tu, akawaandika watoto kwa jina la mtakatifu kwenye cheti cha ubatizo, na nje ya kanisa akawaita wajina.

Alipenda kutusimulia habari za jina hilo. Kule kwao, alisema, lilikuwa na watu mashuhuri. Kulikuwa na Tibodo jaji, aliyeogopwa hata na matajiri. Kulikuwa na Tibodo mwanamke aliyeimba mpaka watu wakalia kwenye kumbi kubwa. Kulikuwa na Tibodo mcheza mpira, ila mpira wenyewe walicheza juu ya barafu, wamevaa viatu vya chuma. Sisi watoto hatukuamini habari ya barafu, wala ya mto wa kwao ulioganda mpaka watu wakauvuka kwa miguu. "Na nyinyi mtakuwa watu," aliwaambia wajina zake. "Siku moja kule kwetu watauliza, huyu Tibodo wa Afrika ni nani?"

Sasa amesimama jikoni na masikio yake mekundu, ananiangalia bila kushangaa.

"Skola," ananiambia. "Umekuja na baridi."

Nataka kumwamkia, lakini sauti haitoki. Anachukua sinia, anapita mbele yangu, nami namfuata. Chumba cha kulia kimekuwa kirefu kuliko kilivyo. Ukuta wa mwisho siuoni. Katikati kuna meza moja, na watu wamekaa pande zote mbili, kimya, kama wanaosubiri sala ya chakula.

Wa kwanza ninayemtambua ni golikipa. Huyu alikuwa mtu mzima mimi nikiwa bado shule ya msingi, na ndiye aliyelipeleka jina la Tibodo kwenye redio. Aliidakia timu ya mkoa. Mtangazaji alilitamka jina lake kwa kulivuta, Tibodooo, na uwanja mzima wa kijiji chetu, watu waliozunguka redio moja, uliruka juu. Aliugua figo, akarudi nyumbani amevimba miguu, akafa katika nyumba ambayo hakuwahi kuimalizia kuezeka. Mezani ameweka mikono yake mikubwa juu ya kitambaa, na vidole vyake vimenyooka, havina hata kovu.

Pembeni yake yuko Tibodo wa kike, aliyekuwa diwani wetu. Alikuwa mwanamke wa kwanza kata yetu kupata kiti hicho, na kwenye mikutano wanaume wageni walikuwa wakiitafuta sura ya mwanamume likitajwa jina lake. Aliondoka na uvimbe wa tumboni. Amevaa kitenge chake cha kampeni. Ananitazama kama anayenijua, kisha anageuza macho.

Halafu naona wengine, weupe, wamevaa makoti mazito. Siwajui, lakini katika ndoto najua ni nani. Yule mzee mwenye uso mkali ni jaji. Yule mwanamke mnene mwenye mkono kifuani ni mwimbaji. Wamekaa kati ya watu wa kwetu, bega kwa bega, na hakuna anayeonekana mgeni. Padri anawapakulia mmoja mmoja. Ugali hautoi mvuke. Maharage hayanukii kitu.

Nikauliza, na safari hii sauti ikatoka: "Mnamsubiri nani?"

Padri akaweka sinia chini. "Hatumsubiri mtu," akasema. "Wote tumefika."

Hapo ndipo nikamwona aliyenipa mgongo. Amekaa upande wangu wa meza, karibu kabisa nami, na nilikuwa nimempita nikitazama mbali. Shingo ile naijua. Nilimbeba mgongoni nikiwa msichana mdogo na yeye mtoto mchanga. Ni Tibodo wetu, mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama, na ndiye wa mwisho kijijini kuitwa jina lile. Baada ya padri kufa watu waliacha kulitoa. Siku hizi wanawapa watoto majina ya kwenye tamthilia.

Mdogo wangu hakuwa mtu mashuhuri. Alisoma mpaka kidato cha nne, hakufaulu, akalima na mama misimu michache, halafu akasema anakwenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa hajaoa na hakuwa na mtoto. Alipiga simu mara chache mwanzoni. Kisha simu ikawa haipatikani, na haikupatikana tena.

Nilikwenda kumtafuta. Nilizunguka kwenye vibanda vya wachimbaji na picha yake mkononi, nikiuliza: mnamjua Tibodo? Walitikisa vichwa. Kijana mmoja aliniambia kuna duara, shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka wakati wa mvua, na walioachwa chini hawakufukuliwa, kwa sababu shimo lilikuwa limejaa maji. Nikamwuliza ni kina nani. Akasema, hatukujuana majina, dada. Kulikuwa na Msukuma mmoja, na Mfipa mmoja mwembamba, na wengine. Nikamwonyesha picha. Akaitazama sana, akasema pale chini watu wote wanafanana, wamejaa tope.

Nilirudi nikamweleza mama kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kama hawakulijua jina, basi si yeye. Jina lile mtu akilisikia mara moja halisahau." Na kwa kuwa alisema hivyo, hatukuweka matanga. Kila Jumapili alisimama kanisani wakati wa maombi akamwombea msafiri wake.

Nikamshika bega mdogo wangu. Bega lilikuwa limelowa. Akageuka.

Ana tope jekundu mpaka kifuani, limekauka kwenye kope. Uso wake haujazeeka hata kidogo. Mbele yake kuna sahani iliyojaa, na mikono yake imelala pembeni ya sahani, ina tope, haiishiki.

"Tibodo," nikamwita.

Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia wimbo wa zamani. "Kule hawakuniita hivyo," akasema. "Waliniita Mfipa tu."

Nikahisi sakafu inashuka. Nikatazama chini, na sakafu si sakafu tena, ni weupe mtupu. Tuko juu ya ule mto wa padri, mto wa kwao unaoganda mpaka watu wanauvuka kwa miguu. Meza ipo, watu wapo, kuta hazipo. Hakuna ng'ambo. Weupe unakwenda mpaka unapokutana na mbingu, na hakuna ndege wala mti. Nikawaza, kumbe alikuwa anasema kweli. Kisha barafu ikaanza kuwa nyekundu chini ya miguu yangu, polepole, na nikajua kwamba ule ni udongo wa Chunya, na kwamba tumekaa juu ya shimo.

"Twende nyumbani," nikamwambia. Nikamvuta mkono. Haukuwa mzito. Haukuwa na uzito wowote, na ndiyo maana haukuja.

"Skola," akasema, "mama bado analala mlango ukiwa wazi?"

Ni kweli. Tangu simu iliponyamaza, mama hatii komeo. Anasema mtoto atafika usiku, amechoka, abishe hodi kwenye nyumba yake mwenyewe kwa nini? Baridi ya kwetu inaingia, inampata kifuani, na kila mwaka kikohozi kinakaa zaidi. Daktari amekwisha kuniambia nitarajie nini.

"Bado," nikasema.

"Mwambie afunge. Mwambie hakuna anayekuja."

Nilitaka kumwuliza kama iliuma. Nilitaka kumwuliza kama alikuwa peke yake. Badala yake nikatafuta kiti nikae karibu naye. Hakikuwapo. Mbele ya kila mtu kulikuwa na sahani, na hapakuwa na sahani yangu. Padri Tibodo akaja nyuma yangu, akaniwekea mkono begani, na mkono wake ulikuwa wa baridi hata kupita ile barafu.

"Wewe rudi," akasema. "Hapa wanakaa wajina zangu tu."

"Baba," nikamwambia, "uliwaambia watakuwa watu."

Akauondoa mkono wake begani mwangu. Wengine wote mezani waliinamisha vichwa, golikipa, diwani, hata wale wageni wenye makoti. Ilikuwa kama nimesema jambo ambalo kila mmoja wao alikuwa amekwisha kulisema pale, zamani, na halikujibiwa.

"Nilikuwa kijana," akasema padri. "Nilidhani jina linaweza kumlinda mtu."

Akaanza kusali sala ya chakula kwa Kifaransa, na wote wakaitikia, mdogo wangu pia, kwa lugha ambayo hakuijua maishani mwake. Hakunitazama tena. Nami nikasikia kikohozi, mbali, chini ya barafu, kikija juu, na kilipofika kilikuwa kikohozi cha mama, na nilikuwa kitandani kwangu, kumepambazuka, blanketi liko sakafuni.

Nilikaa muda bila kuinuka. Kuna ndoto ambazo ukizipa nafasi zinafutika zenyewe, nami niliipa nafasi. Haikufutika.

Mama alikuwa jikoni anapuliza moto. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Nikakaa kwenye kigoda nyuma yake, nikamwambia yote, tangu moshi wa dohani mpaka sala. Sikupunguza. Nilipofika kwenye lile neno, kwamba walimwita Mfipa, aliacha kupuliza. Moto ukafuka moshi, na hakuugusa.

"Anasema ufunge mlango," nikamaliza.

Alijifuta mikono kwenye kanga. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Padri alimpakulia?"

"Alimpakulia, mama. Sahani ilijaa."

"Akala?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Lakini alikuwa amegeuka, ananitazama usoni, na mama yangu amenizaa, ananijua. Nikainamisha macho.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa jibu lake, akasema: "Aliye hai angekula." Akafungua kitambaa alichofunga kichwani, akakiweka pembeni. Akashuka sakafuni, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, na akapiga ukunga. Sijawahi kuisikia sauti ile ikitoka kwa mtu mwenye kifua kibovu. Ilitoka nje ya jiko, ikapita mashambani, na mbwa wote wa mtaa wakanyamaza.

Jirani yetu, Mama Felista, ndiye aliyefika wa kwanza, anakimbia, mikono imejaa unga. Akasimama mlangoni akimtazama mama, akanitazama mimi.

"Nani?" akaniuliza.

"Tibodo," nikasema.

"Tibodo yupi?"

Nilimwona midomo yake ikitembea bila sauti, anawahesabu: padri, golikipa, diwani, na wengine tuliokwisha kuwazika. Kisha akakumbuka kwamba alikuwa amebaki mmoja. Akaingia ndani, akakaa sakafuni karibu na mama, akanyoosha miguu.