Nilivyotafsiri Furaha ya Daktari Mrusi

Siku yangu ya kwanza kazini katika hospitali moja ya huku Usambara, Matroni alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Wewe ndiye uliyesoma kwa Warusi? Basi utakuwa mdomo wa daktari wetu. Na uniambie anaficha nini, maana hacheki."

Zilikuwa zile zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Lushoto yalianza kujaa sabuni na mitumba, ilivuma kwamba wagonjwa watachangia matibabu, na kila mtu alimshuku mwenzake kuwa amegeuka mfanyabiashara. Nami, mtoto wa kijiji cha Zirai, sikuzaliwa mwepesi wa kuamini.

Nilisomea uuguzi, lakini nililetwa pale kwa ajili ya ukalimani, yaani kusema papo hapo kwa lugha nyingine alichosema mwenzako. Sheria yake ni moja: usitie chumvi. Kirusi kina maneno ya furaha ya kutosha. Mwanamke aliyefurahi husema "ya rada". "Schastye" ni heri kubwa ya maisha, nayo haitamkwi ovyo. Shida ni uso. Kule Urusi anayemchekea asiyemjua huonekana ama punguani ama tapeli. Nikiwa mwanafunzi nilimtabasamia mama mmoja kwenye foleni ya mkate, akakumbatia mkoba wake.

Daktari wetu alikuwa mama wa makamo, mkavu kama kuni. Siku moja alimzalisha Zaina, mkulima wa mboga kutoka Soni, aliyekwisha kuzika watoto wawili. Damu ilimtoka nyingi, daktari akaizuia, akaagiza alazwe na kuangaliwa kwa karibu, kwani ingeweza kurudi.

Alipokuja wodini kumwona mama na mtoto, alisema "ya rada" kwa uso wa msibani. Akagonga kiti cha mbao mara tatu, akageukia bega lake la kushoto: tfu, tfu, tfu!

Mama mkwe wa Zaina akaruka. "Ametutemea mate! Wallahi nimeona! Hacheki, na sasa anaroga. Zaina, mfunge mtoto, twende nyumbani."

"Bibi, anasema amefurahi," nikamwambia.

"Kwa uso ule? Nawe wameshakununua."

Zaina, midomo imempauka, alikuwa tayari anatafuta kanga yake. Damu ikirudi njiani, nani angeizuia? Niliogopa sana. Matroni, aliyesimama mlangoni, akanionya, "Tafsiri maneno yake tu. Ya mila hayakuhusu." Lakini maneno nilikuwa nimeshayatafsiri, na hayakufaa kitu. Nikavunja sheria.

"Bibi, mjukuu mmempa jina gani?"

Akasita. "Jalala."

"Mtoto mzuri hivi?"

"Koma! Unataka kijicho kimwone? Tumezika wawili waliosifiwa."

"Na kwao ndivyo hivyo. Furaha ikiwa kubwa huificha. Anagonga kiti kufukuza kijicho, na mate yale ni ya shetani, si yenu. Wewe ukiota ndoto mbaya hutemi kushoto?"

Bibi alimkazia macho daktari, bado ana shaka. "Muulize, yeye amezika wangapi?"

Sikupenda kuuliza swali lile, lakini niliuliza. Daktari alijibu neno moja, nami nikatafsiri neno moja.

"Mmoja."

Bibi alichukua kanga mkononi mwa Zaina, akaikunja. "Lala, mwanangu." Kisha akampa daktari yule mtoto ambebe. Wakasimama bega kwa bega, wote wamenuna, wakimtazama Jalala kama aliyewakosea. Mimi nilitoka barazani nikalia kwa furaha, jambo ambalo Matroni hakulipenda.

Damu haikurudi. Baadaye nchi ya daktari ilivunjika, mkataba wake ukaisha, akateremka mlima hadi Mombo na sanduku lake, akaondoka. Mimi nilirudi kwenye uuguzi, nikafanya kazi chini ya Waganga Wakuu wa Wilaya kadhaa, kila mmoja akituletea semina ya huduma kwa mteja: tabasamuni, tabasamuni. Nilitabasamu mpaka nikastaafu.

Sasa Kirusi changu kimeshika kutu. Ninyi vijana mnaoingia kazini mtafanya mnavyofundishwa. Mimi mtu akinichekea kabla hajajua jina langu, bado nashika mkoba. Lakini akija mtu aliyenuna kwenye siku yangu ya heri, namsogezea kiti.