Chupa ya Mafuta Yaliyoganda

Dada yangu aliacha kutetemeka, nami nikadhani amepata joto.

Leo nimefungua friji ya hoteli ninakopika, huku Diani, nikakuta mafuta ya nazi yameganda chupani. Harufu yake ikanirudisha. Asubuhi ya ile safari ya shule, mama alitupaka mafuta hayo kifuani na miguuni, kwani sisi watu wa Gazi hiyo ndiyo dawa yetu ya baridi. Akatupatia na chupa yake, akatufungia na blanketi. Mwalimu aliyetuongoza akaliacha blanketi ofisini shuleni.

"Mtatuaibisha huko mbugani. Mtaonekana wakimbizi."

Kule mbugani, juu mlimani, ukungu ulinuka majani mabichi. Dada akageuza chupa juu chini, hakikutoka kitu.

"Mwalimu, ninasikia baridi."

"Acha kudeka, mpwani wewe! Tazama tembo wale."

Akawatazama, hata akacheka. Kisha akanilalia begani.

Tulimrudisha Gazi amefunikwa turubai la basi.

Mwalimu, tunakutana hapa jirani, Bongwe, kila Ijumaa. Ninakuamkia shikamoo, nawe unaitika marahaba. Mama yungali hai. Njoo umwambie kwa kinywa chako: blanketi lake lilikuwa na aibu gani?