Hesabu ya Watoto wa Mama Dorcas

Kadii, jirani yangu hapa Tezo, ni mjitolea wa afya wa kijiji. Kazi yake ni kuzunguka nyumba hadi nyumba na mkoba na daftari, akiulizia homa, mimba, vyoo na chanjo. Hachoki yule! Mbwa wamemuuma mara mbili na bado anapiga hodi kwa bashasha. Lakini nyumba ya Mama Dorcas akiipita huinamisha kichwa, na mimi najua kwa nini.

Mwaka ule wa kuandikisha watu wa kupewa vyandarua nilifuatana naye hadi kwa Mama Dorcas. Watu wawili, chandarua kimoja. Ndivyo serikali ilivyopanga.

"Hawe, mwalala wangapi hapa?" Kadii akauliza. Hawe ndivyo tumwitavyo bibi kwa Kigiriama.

"Watatu. Mimi, mwanangu na mkewe."

"Na watoto?"

"We Kadii! Tangu lini watoto wakahesabiwa? Wataka wapungue?"

Watoto watano walikuwa pale pale uani, twawaona. Kadii mwenyewe aliwahi kulambwa kofi na mamake kwa kuwahesabu nduguze. Akaona haya kumpinga mtu mzima, akaandika watatu. Vikaja vyandarua viwili. Nami nilinyamaza, Mungu anisamehe.

Kimoja wakalala wazazi na kachanga, kingine Mama Dorcas na wajukuu wawili. Pola, wa miaka minne, akabaki mkekani na kakake. Masika yalipokolea, mbu wakawa hawana adabu. Ijumaa Pola akashikwa na homa, Jumamosi degedege. Kadii alimbeba mgongoni hadi zahanati, anakimbia, analia. Alipomshusha, mtoto alikuwa ameshakata roho.

Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo linalonikera hadi leo! Wakasema siku yake imefika. Siku gani? Ni chandarua kilichokosekana, basi! Kadii alikuja kwangu akaniambia, "Niliwaona kwa macho yangu, nikaandika uongo."

Mwaka huu uandikishaji umerudi. Mlango ule Kadii aliuacha wa mwisho, nami nikafuatana naye tena. Hata hajafungua daftari, Mama Dorcas akaanza mwenyewe, akikunja vidole.

"Gona. Jedida. Mwaringa. Pola. Kenga. Watano. Andika."

Watoto pale uani walikuwa wanne. Nikamtazama Kadii. Akaandika watano.