Mawingu ya Kumalizia Filamu

Mbingu ya Kimisagara ni nyembamba. Mtaa wetu huo wa Kigali uko bondeni, milima imeubana huku na huku, na uani kwetu palikuwa na ukuta wa matofali upande mmoja na bati la jirani upande wa pili. Kilichobaki juu kilikuwa kipande cha anga ambacho ungedhani unaweza kukikunja kama mkeka ukaondoka nacho. Nilikipiga picha kipande hicho kwa karibu miaka mitatu. Sikukipenda. Nilikipiga kwa sababu sikuruhusiwa kupiga kitu kingine chochote nje ya nyumba.

Baba yangu alikuwa mpiga picha. Nilimwita Papa, na nyumbani tulisema Kiswahili kwa kuwa mama, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, lakini sifa za Papa zilitoka nje. Aliwapandisha maharusi mlimani, akawasimamisha pale ambapo mji wote uko chini yao na mawingu makubwa yako nyuma. Vita vilipoanza kaskazini, mwaka wa tisini ukielekea mwisho, askari walikuja kumchukua kwa ajili ya picha hizohizo. Barabara inaonekana, kambi inaonekana, basi huyu ni mpelelezi. Kitambulisho chake kilikuwa na kabila ambalo siku hizo halikutakiwa, na hapo mjadala ukaisha. Waliondoka na kamera yake nzuri, na vioo vyake vyote vya lenzi, na yeye mwenyewe.

Alirudi baada ya miezi mingi, suruali ameifunga kwa kamba. Hakunieleza mengi. Alisema tu kwamba siku ya kwanza walimsimamisha ukutani wakampiga picha ya uso, na kwamba aliyempiga hakujua hata kushika kamera. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akashusha pazia, akakitoa kioo ukutani na kukificha nyuma ya kabati. Tangu siku ile alinyoa ndevu kwa kupapasa. Hakutoka mchana, hata uani.

Studio ikawa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na ushee, hasira za karibu, na kamera yake kuukuu ambayo askari waliidharau. Papa aliniwekea sheria: kamera isitazame barabara, isitazame mlima, isimtazame mtu aliye nje.

"Ndani ya studio, ao juu," alisema. "Juu hakuna askari."

Kazi haikukosekana. Kila mtu alitaka picha ndogo ya uso, ya kitambulisho au ya kibali, maana kwenye bariyeri za barabarani asiye na karatasi alikuwa mashakani. Na kila mtu aliitaka leo. Hawakuweza kungoja filamu nzima ijae nyuso za wenzao. Lakini kwa Papa, kuitoa filamu kwenye kamera kabla haijaisha ilikuwa dhambi, tena filamu zenyewe zilikuwa zimeadimika. "Piga chochote, lakini imalize." Basi mteja akishainuka kitini mimi hutoka uani, nikaelekeza kamera juu, nikaimalizia kwa mawingu.

Mama mdogo, ndugu wa mama yangu, aliuza vitenge Bukavu. Kila alipopata mchuuzi anayekuja sokoni Nyabugogo alimpa maneno yaleyale: njooni, chumba kipo. Tulichohitaji ni lesepase, karatasi ya kuvukia mpaka, kila mtu na yake, na kila moja na picha. Yangu sikuihangaikia, kwa kuwa bila Papa sikuwa na safari. Nilimhangaikia yeye.

"Papa, njoo ukae kidogo tu."

"Oya," akakataa. "Uso wangu walishaka kuuchukua. Iko ingine?"

Hebu fikiria: nyumba ya mpiga picha, na tumekwama kwa kukosa picha. Siku moja nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia, kisha nikavunja sahani, na sahani zenyewe hatukuwa nazo nyingi.

Mawingu niliyopiga sikuwa nikiyachapisha. Nani ataka picha ya mawingu? Siku moja nilibakiwa na vipande vya karatasi vilivyokaribia kuharibika, nikachapisha wingu moja, nikampelekea Papa na chai. Nilitaka tu tuwe na jambo la kuzungumza.

"Hii ni nini?"

"Mawingu, Papa."

"Mawingu iko wapi? Mimi naona shuka." Akaigeuza, akaitazama na mgongo wake. "Wakubwa walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hii yako haina hata dalili."

Nilikasirika, lakini alisema kweli. Picha ilikuwa nyeupe tupu. Filamu zetu za rangi mbili, nyeusi na nyeupe, haziioni bluu kama tunavyoiona sisi. Bluu na wingu huzifikia vikiwa sawasawa, vyeupe. Anayejua kazi huweka kioo cha njano mbele ya lenzi, na hapo bluu hukolea giza na wingu hujitokeza. Kioo cha njano cha Papa kiliondoka na askari.

"Tafuta kitu ya njano yenye inapitisha mwanga," alisema kutoka nyuma ya pazia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kunituma jambo la kazi.

Nikanunua bombo za limau, zile peremende zinazofungwa kwa karatasi ya njano inayoonyesha. Nilizila zote hadi meno yakaniuma, kisha karatasi moja nikaifunga kwenye lenzi kwa mpira. Mawingu yakatoka, ila yalikuwa na makunyanzi kama shati la mlevi. Papa alishika kichwa. "Mana yanjye! Unafunga karatasi yenye haijanyooka?" Akaninyang'anya, akailaza katikati ya kitabu chake cha sala, na siku chache baadaye akanirudishia imenyooka kama mpya. Toka hapo kila filamu iliyoisha aliidai. Wingu hili umelikata kichwa. Hili umechelewa. Hili, hm. Ile "hm" ilikuwa sifa, na nilikaa nayo kutwa.

Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Hawakusema cha juu ukitaka ufanyeje, kwa hiyo nilijaribu nilivyoweza. Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika, na kwa kuwa saa za kutotembea zilishaingia hapakuwa na hata taa ya gari. Nyota zilijaa. Nikailaza kamera chali juu ya pipa la maji, nikaiacha wazi hadi jogoo wa kwanza. Kesho yake nilipoisafisha filamu, ilikuwa na mistari myembamba iliyonyooka, mingi, toka upande hadi upande.

Papa aliisogeza kwenye koroboi, akanigombeza papo hapo. "Umekwaruza filimu! Umepangusa na mikono yenye mchanga!"

"Siyo mikwaruzo. Ni nyota. Ndivyo zinavyokwenda."

Aliishika filamu karibu na moto hadi nikaogopa ataiunguza.

"Zenyewe zinatembea," alisema, akanirudishia, akalala akiugeukia ukuta.

Hapo ndipo nilipojua kwamba alitaka kuondoka kama nilivyotaka mimi. Nilikuwa nimedhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa amefungwa tu, na mimi nilikuwa nimefungwa naye, na mwenye ufunguo hakujulikana.

Basi nikaanza kuharibu makusudi. Ilikuwa mwanzo wa masika ya mwaka wa tisini na nne, na kila mchana mawingu yalipanda nyuma ya Mlima Kigali. Nikaondoa karatasi ya njano. Nikapiga bati la jirani badala ya wingu. Nikampelekea uchafu huo kwa uso mkavu, na yeye akatukana kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa cha shule ya mapadri. Nilifurahi kama mtu anayeona samaki akigusa chambo.

Mchana mmoja likapanda wingu ambalo sijaliona jingine la kufanana nalo, linafura kama maziwa yanayotaka kumwagika, chini jeusi, juu limewashwa na jua. Nikasimama uani, nikapaza sauti.

"Papa! Wingu kubwa! Nafungua lenzi yote!"

"Usifungue! Utaunguza!"

"Sisikii!"

"Funga, funga, wewe mutoto!"

"Sisikii, Papa!"

Pazia likasukumwa, mlango ukalia, na Papa akatoka peku, mkono juu ya nyusi, uso ameuinua kwenye mwanga. Nikabonyeza.

Kamera ile ilipiga kelele kama mtego wa panya. Mtu aliyeishi na sauti hiyo maisha yake yote anajua lenzi ilikuwa inaelekea wapi.

"Umechukua wingu?" aliuliza, bado anatazama juu.

"Nimechukua."

"Haya." Wala hakukimbilia ndani. Alisimama hadi matone ya kwanza yakampata usoni, nami nilisimama pembeni nikiogopa hata kukohoa.

Picha ilikuwa nzuri kupita zote nilizowahi kupiga. Nilikata kipande cha uso, nikakipunguza hadi saizi inayotakiwa, nikakipeleka ofisi ya lesepase. Karani akakishika kwa ncha za vidole.

"Huyu muzee anaangalia nini?"

"Mvua," nilisema.

Akacheka, akanirudishia. "Aangalie mbele. Na maskio yote mbili yaonekane." Mgala muue na haki yake umpe: ndivyo kanuni ilivyosema. Lakini njiani nilimlaani hadi kizazi chake cha tatu.

Nilimweleza Papa yote, hata hila yangu, nikingoja anifokee. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Nimezeeka," alisema. Kesho yake asubuhi alivaa koti lake la harusi za watu, akaja mwenyewe studio, akaketi kwenye kiti cha wateja.

Nilipoweka jicho kwenye kamera, akafumba macho. Nikamwambia afumbue, akafumbua. Kidole kikijongea, yanajifumba. Nilijaribu kwa upole, nikajaribu kwa kushtukiza, nikajaribu kwa kumchekesha. Jasho lilimtoka kama aliyebeba gunia kutoka Nyabugogo.

"Macho inakataa," alisema. "Siyo mimi."

Nilimchukia yule mtu aliyempiga picha ukutani kuliko nilivyowahi kumchukia yeyote, na bado namchukia. Papa akainuka, akajifuta uso, akaivua kamera shingoni mwangu.

"Sasa kaa wewe."

"Sikai. Sitakwenda peke yangu."

"Nani amesema utakwenda? Filimu haijaisha. Kaa."

Nilijua. Mtego wangu wa uani alikuwa ananirudishia. Lakini hakuwa ameshika kamera tangu siku walipomchukua, na sasa alikuwa anapima mwanga wa dirisha kwa kiganja, ananisogeza bega, ananiinua kidevu. Ningewezaje kumkatalia? Nikaketi. Alipiga moja tu. Masikio yote mawili yalionekana, na karani akagonga muhuri bila kuinua kichwa.

Tuligombana kwa siku kadhaa juu ya mimi kwenda peke yangu, akashinda. "Nitakuja nyuma yako," aliniambia. "Nitajizoeza." Siku ya safari alinisindikiza hadi mlangoni.

Mauaji ya Aprili yalinikuta Bukavu. Papa yalimkuta Kimisagara, na hakutoka. Anayetaka nieleze zaidi ya hapo simjibu.

Picha zote mbili ninazo. Ile yake iliyokataliwa anatazama juu, na aliyeiona huuliza alikuwa anaomba dua gani. Alikuwa anakagua wingu. Yangu iko kwenye lesepase, na watu huniambia nina macho makali mno. Kamera ilimfunika Papa uso, nami nilikuwa namtafuta nyuma yake.

Miaka ilipita kabla sijakutana na jirani yetu muuza makaa, ambaye ukuta wake na wa chumba cha Papa ulikuwa mmoja. Aliniambia kwamba mimi nilipoondoka kioo kilirudi ukutani. Alikiona siku alipompelekea Papa makaa. Na kila asubuhi, hadi mwisho, alimsikia akisema kwa sauti ileile aliyoitumia kwa wateja: "Angalia hapa. Usifunge macho. Usifunge."