Mikebe Niliyoizika Majivuni

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo kila inaponirudia akilini hunusa vidole vyangu kwanza, ndipo niendelee na kazi. Sijawahi kukusimulia. Lakini jana nilikuona ukifunga mizigo ya kwenda kupanga chumba karibu na chuo, na kati ya taulo na viatu ulikuwa umepanga mikebe mitatu ya maharage, yale ya mchuzi wa nyanya. Nikajua wakati wangu wa kujiaibisha umefika.

Nilikuwa na umri kama wako, mwaka wa pili, nikisomea maendeleo ya vijijini hapa Bukavu. Mjomba wangu, tuliyemwita Tonton, aliyekuwa anaishi Ubelgiji, alikuja likizo, na zawadi yangu ikawa mikebe minne ya maharage. Nilikuwa nimetarajia viatu. Ila nilipoitazama ile picha ya maharage yanayong'aa, niliamua kwamba hii ni mali, na mali haikai chumbani kwa wanafunzi. Tulilala wanne mle ndani na sikumwamini hata mmoja. Mmoja alikuwa anasomea teolojia. Huyo ndiye niliyemshuku zaidi.

Basi nikaipandisha mikebe yangu hadi kijijini Nyantende, kwa Tantine Nsimire, dada ya baba yangu, mjane aliyekuwa analima maharage. Unajua jinsi kwetu yanavyowekwa: yanaanikwa, yanachaguliwa, yanachanganywa na majivu ili mdudu asiyatoboe, kisha chungu kinakaa kwenye ubao juu ya meko, pale moshi unapopita. Profesa wetu mmoja alikuwa ametumia wiki nzima kutufundisha kuheshimu ujuzi wa wakulima. Mimi nikauheshimu. Nikachukua chungu, nikatia majivu, nikaizika humo mikebe yote minne na kuiweka juu ya meko.

Tantine alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mududu gani itatoboa chuma?" akauliza.

Nikamweleza kwa muda mrefu. Akaniacha niseme. Alikuwa na tabia hiyo ya kumwacha mtu aliyesoma amalize.

Mvua ikaja, na unaijua mvua ya huku. Bati la jiko lile lilikuwa linavuja, na majivu hunywa unyevu kama kitambaa. Mimi nilikuwa mjini, nikiandika kazi ya kurasa ishirini juu ya uhifadhi wa mavuno. Nilipata alama nzuri.

Kilichonirudisha Nyantende ni Furaha, dada yangu mkubwa. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza kwa kupasuliwa, na baada ya kutoka hospitali mama yetu alimpeleka kwa Tantine apumzike. Chakula kilikuwa kimemshinda. Uji aliurudisha, supu aliirudisha, maziwa ya mtoto yalikuwa yanapungua, na nyumba nzima ilikuwa inamtazama mdomoni. Kisha asubuhi moja akasema labda angeonja yale maharage ya Tonton. Nikaletewa habari, nikapanda kule karibu kwa kukimbia.

Nilipoingia jikoni nilikwenda moja kwa moja kwenye chungu. Nikapekua majivu, nikatoa mkebe wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne haukuwepo. Nikageuka nikamtazama Tantine, na nadhani uso wangu ulisema yote.

"Umesalimia mikebe mbele ya kunisalimia," akasema kwa kejeli, kama anayemwamkia mzee. "Bonjour, Papa."

Nikamsalimia, macho chini. Lakini moyoni nilikuwa nimeshahukumu: ameula. Nikatupa jicho nyuma ya mlango nione kama kuna mkebe mtupu. Nikamshuku na jirani yake. Nikamshuku na mbuzi wake. Mikebe yenyewe, iliyokuwa mikononi mwangu, sikuishuku hata kidogo.

Na ilikuwa inaomba ishukiwe. Karatasi zilikuwa zimeoza, kutu ilikuwa imekula chini, na vifuniko vilikuwa vimetuna kama matumbo ya watu waliotoka harusini. Nilifurahi, mwanangu. Utanicheka, lakini jiulize: kwetu, maharage yanayovimba ni maharage gani? Unayaloweka jioni, asubuhi yamejaa sufuria, unamshukuru Mungu. Yasiyovimba ndiyo yaliyozeeka, yanayomaliza makaa bila kuiva. Kwa hiyo nilimtangazia Furaha, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na mtoto kifuani, kwamba yamevimba vizuri, atashiba.

Nilitoboa kwa ncha ya kisu. Mkebe ukapiga mluzi, na povu likanirukia vidoleni. Nikasema unapumua. Nikamimina kwenye sahani. Harufu haikuwa mbaya sana, ilikaribia ile ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ambayo ndizi zake zimeanza tu kuchacha. Furaha, ambaye kwa siku nyingi hakuwa amenyoosha mkono kwa chakula chochote, alinyoosha mkono kuchukua kijiko.

Tantine akaifunika sahani kwa kiganja chake.

"Ngoja. Maharagi mubichi inavimba sababu inakunywa maji. Hii balishaipika kule kwao. Sasa inavimba sababu ya nini? Nani iko anapumua mule ndani?"

Nilisema ni mambo ya kiwanda. Kisha nikakumbuka sukari, nikasema labda ni sukari, maana hawa huitia.

"Sukari mu maharagi?" Akanitazama kama nilivyomtazama yeye muda mfupi uliopita. "Banaficha nini? Huyu iko ananyonyesha mutoto. Kama uko na hakika, kula weye ya kwanza."

Nikakishika kijiko. Nilikiinua hadi hapa, chini ya kidevu. Na pale, kwa mara ya kwanza tangu Tonton afungue sanduku lake, nikakishuku kilichostahili kushukiwa. Nilikirudisha kijiko. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Tantine alichimba shimo nyuma ya migomba, refu, ili mbwa wasifukue, tukaizika mikebe yote mitatu pamoja na yaliyokuwa sahanini. Kisu na sahani akavichemsha. Mimi akanisimamia nikinawa kwa sabuni mara tatu. Furaha alibaki ameinamisha kichwa, akasema polepole kwamba basi, hata hicho hakipo.

Ndipo Tantine alipoingia chumbani. Nilisikia sanduku lake la vitenge likifunguliwa. Akarudi na mkebe wa nne, mkavu, unang'aa, karatasi yake nzima.

"Siku uliitia mu majivu, roho yangu ilikataa," akasema. "Nikatoa moja, nikaiweka kwa pakavu, nione yenye itasema kweli."

Mimi niliandika kurasa ishirini; yeye alifanya utafiti.

Alikibonyeza kifuniko kwa kidole gumba, hakikucheza. Akaupangusa, akaufungua, akanusa, akasubiri, akanusa tena. Alikaanga kitunguu kwa mafuta ya mawese, akatia pilipili kidogo ya kuitiisha ile sukari, kisha maharage mwishoni, moto mdogo, akikoroga taratibu yasishike chini, mpaka yakachemka yote. Furaha alikula na ndizi za kuchemsha, akaomba tena. Tantine naye akaonja ncha ya kijiko.

"Iko tamu," akasema. "Njo juu yake nina doute." Yaani, utamu huo ndio uliomtia shaka.

Nilimchotea maji siku tatu mfululizo. Ndiyo ilikuwa namna yangu ya kuomba msamaha, na naamini aliielewa.

Sasa nisikilize. Mikebe yako iweke kabatini, pakavu na pasipo joto, mbali na jiko na ukuta unaotoa maji. Soma tarehe yake. Ukiukuta umevimba, unavuja, umeliwa na kutu au umebonyea penye mshono, usiufungue na usionje hata kidogo, kwa sababu si kila ubaya unanuka. Utupe mahali ambapo hata mbwa hataufikia. Usiupashe moto ukiwa umefungwa. Kitunguu unakijua, pilipili unaijua. Yakibaki, yamimine kwenye bakuli lenye mfuniko, uyaweke frijini na kuyamaliza kesho. Ila kwa umeme wetu huu, usiiamini friji kupita kiasi. Afadhali umwite mwenzako wa chumbani, myamalize siku hiyohiyo.

Ndiyo, mwenzako wa chumbani. Mimi nilishuku watu wote nikaacha mkebe. Wewe shuku mkebe kwanza, uubonyeze, uunuse, uugeuze chini juu. Mtu msalimie kwanza.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde tumbo na macho, akupe chumba kisichovuja. Na pale elimu yako itakapokosea, akuwekee mtu kama Tantine Nsimire, aliyekwisha kuuficha mkebe wako kwenye vitenge vyake bila kukuambia.