Nyama ya Katikati ya Sinia

Enzi zetu, mtoto hakuulizwa, "Leo ungependa kula nini?" Ukiulizwa hivyo Mji wa Kale, ulijua unaumwa na hujaambiwa. Chakula kilikuwa sinia moja la pilau, watoto tumelizunguka magoti yakigusana, bizari imetujaa puani, na Bibi yetu ameketi nasi akituchunga. "Kula mbele yako!" ndiyo iliyokuwa amri yake. Nyama ilirundikwa katikati, na hakuna aliyeigusa mpaka Bibi aigawe mwenyewe. Ukitangulia kunyoosha mkono, upawa ulikujibu. Vijana wa leo, wanaokula macho yakiwa kwenye simu, wangeinuka pale na njaa yao.

Mimi ndiye msichana wa kwanza wa nyumba yetu kutiwa shule. Baba alikubali shingo upande: nisome mpaka Ramadhani, na nikionekana sifaidiki, nirudi ndani nishone kofia. Bibi hakuona maana kabisa. "Mtoto wa kike na hesabu, wapi na wapi?"

Nami niliipenda shule ile, jamani, hata vumbi la chaki nililipenda. Siku moja mwalimu wetu akachora duara ubaoni, akatia nukta, akauliza, "Hapa katikati pana nini?" Nikawahi kabla ya wote: "Nyama!"

Lo! Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu mwenyewe akageukia ukuta. Na Mji wa Kale unavyojulikana, habari zilifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta Bibi amenishikia kiuno. "Shule yote hiyo, alichojua ni nyama! Basi, Ramadhani ya nini kungojwa?" Baba akaitikia kwa kichwa. Nikajua kesho nakabidhiwa sindano.

Sinia likaja. Nikasema, machozi yakinitoka, "Bibi, duara ni kama sinia hili. Huu ukingo wote ni mzingo wake. Kutoka ukingoni hadi kwenye nyama, hapo kitovuni, ni nusu kipenyo, na ni sawa kwa kila mtu. Kutoka kwangu, kupitia kwenye nyama, mpaka kwa kaka Bakari pale mbele yangu, ni kipenyo. Na kipande cha ukingo kilicho mbele ya mtu ni tao lake. Mwenye tao kubwa ndiye mwenye wali mwingi. Hebu tazama tao la Bakari!"

Wote tukatazama. Bakari alikuwa ametanua magoti kama sultani, na Bibi, jirani yake, amebakishiwa kijisehemu cha kumtosha paka. Tonge likamkwama Bakari mdomoni.

Bibi alicheka mpaka leso ikamwanguka. "Alaa! Kumbe nalikuwa nikidhulumiwa hapa hapa mbele ya macho yangu! Mwacheni asome huyu." Baba akakohoa, akatabasamu. Ramadhani ikaja ikapita, na kofia hazikutajwa tena.

Siku hizi wajukuu wangu kila mmoja ana sahani yake, na sahani haina ugomvi wala kicheko. Mmoja wa kike hujitia homa kila penye hesabu, na mamake humbembeleza kama bibi harusi! "Bibi, maduara yatanifaa nini?" huniuliza. Humtania tu, lakini moyoni namuonea wivu, wallahi. Hakuna wa kumzuia, naye hataki kwenda. Mimi kengele ya shule ikilia asubuhi, miguu yangu hii ya uzee bado yataka kukimbia.